Kubadilisha taimingi belti mwenyewe nyumbani kwa mara ya kwanza

Kabla hujashika spana elewa kwanza huu mkanda unafanya nini. Unaunganisha krenki (shafti ya chini inayozungushwa na pistoni) na kamshafti (shafti ya juu inayofungua valvu), krenki ikizunguka mara mbili kamshafti inazunguka mara moja, ndo maana gia ya juu ina meno mara mbili ya ile ya chini. Sasa ukikatika, kwenye injini nyingi valvu zinabaki wazi huku pistoni inapanda, zinagongana, valvu zinapinda, hapo tena unaongelea kufungua silinda hedi. Usisubiri ufike huko. Angalia kitabu cha gari lako, injini nyingi ni kwenye kilomita 100,000 hivi, zingine mapema zaidi, na hata gari lisilotembea sana miaka inahesabika maana raba inazeeka tu. Halafu hakikisha lina mkanda kweli, mengi yanatumia cheni.

Nunua seti nzima: mkanda, tenshena (kile kinachoukaza mkanda) na puli zake. Kama wota pampu inazungushwa na mkanda huo huo ibadilishe humo humo, ikianza kuvuja baadae utafungua kila kitu upya.

Injini iwe imepoa. Chomoa waya wa negativu wa betri, zuia tairi za nyuma, pandisha mbele uweke stendi, usiingie chini gari likiwa limeshikwa na jeki tu hata kwa dakika moja. Toa tairi la upande wa mkanda, fenibelti, na plagi zote, bila plagi injini inazunguka kirahisi kwa mkono. Kama maunti ya injini (kishikizo chake kwenye bodi ya gari) imekaa njiani, weka jeki na kipande cha ubao chini ya sampo (bakuli la oili chini ya injini), inua kidogo tu ndo ufungue maunti. Bolti ya puli ya krenki huwa ngumu balaa, gari la manyuo weka gia kubwa mtu akanyage breki wewe ulegeze, la automatiki tafuta kifaa cha kushikia puli. Ile ya kutumia starta kulegeza bolti achana nayo kabisa, spana ikichomoka inaumiza mtu.

Sasa hapa kwenye alama ndo kazi yenyewe ilipo, usiwe na haraka. Zungusha krenki kwa soketi mpaka alama zote zikae sawa, ya kamshafti na ya krenki. Ya krenki isome kwenye gia ya ndani pale inapotazamana na alama ya kwenye bodi ya injini, puli ya nje ukishaitoa haikusaidii tena. Piga picha. Kisha chukua rangi nyeupe uchore mstari kwenye kila gia na kwenye mkanda wa zamani pale pale unapokutana nayo, ukiutoa hesabu meno kati ya mstari na mstari, uhamishie kwenye mkanda mpya. Ukishatoa mkanda usizungushe krenki wala kamshafti. Cheki pia sili za krenki na kamshafti (raba zinazozuia oili isivuje), ukiona oili badilisha, oili inaua mkanda.

Kuvalisha anza na krenki, upande usio na tenshena uvute uwe umenyooka kabisa, ulegevu wote uishie kwa tenshena. Fuata mshale kama upo, usiukunje mkanda wala kuusukuma na bisibisi.

Achia tenshena kama kitabu kinavyosema, halafu zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, taratibu, kwa upande injini inaozungukia. Ikigoma ghafla simama hapo hapo, usilazimishe, hiyo ni valvu imekutana na pistoni. Ikimaliza mizunguko angalia alama za gia. Ile mistari uliyochora kwenye mkanda haitakaa sawa tena na hiyo ni kawaida kabisa, wengi wanashtuka hapa wanafungua bure. Alama za gia zikiachana hata jino moja, toa urudie.

Rudisha vitu, kaza bolti ya krenki kwa kipimo cha kitabu, kama ulifungua wota pampu jaza kulanti utoe hewa. Washa usikilize. Ikivuma kwa mluzi mkanda umekazwa sana, ikikwaruza basi mara nyingi mkanda unagusa kava lake. Zima, fungua uangalie.