Kabla Hujawasha Pikipiki kwa Safari ya Siku Nyingi

Anza na miguu yako, injini itafuata. Kalia pikipiki ikiwa imezimwa, ukanyage chini kwa nyayo zote mbili. Kama vinavyogusa ni vidole tu, utajuta siku utakaposimama kwenye changarawe yenye mteremko huku boksi zimejaa. Jiulize pia kama unaweza kuiinua ikianguka. Gold Wing, ile pikipiki kubwa ya Honda, imekuwa pikipiki ya masafa tangu 1975 na raha yake barabarani haina ubishi, lakini za siku hizi zina kilo zaidi ya 350. Ikilala mahali pasipo na mtu wa kukushika mkono, hapo hapo ndipo kambi yako.

Injini usiipapatikie. Kwa mtu mmoja mwenye mzigo mdogo, cc 250 mpaka 400 zinatosha, mradi isiwe inalia kwa uchungu kwenye gia ya mwisho. Ukibeba abiria na mizigo, panda juu.

Kiti laini ni mtego. Dukani unakisifu, saa mbili baadaye sponji imebonyea na umekalia fremu. Chukua kigumu kidogo, kipana upande wa nyuma. Ukiinua usukani ili usiiname sana, washa injini ikiwa kwenye gia huru, uuzungushe kushoto hadi mwisho, kisha kulia. Injini ikipandisha mlio yenyewe, waya wa mafuta unavutwa. Rekebisha kabla hujatoka.

Sasa upepo. Hapa ndipo nilipochomeka mimi.

Pikipiki yangu ilikuja na kioo kifupi cha mbele, upepo ukinipiga kifuani. Nikaona mtu wa safari hastahili hayo, nikanunua kioo kirefu kuliko vyote nilivyoviona, kikanifika puani. Safari ya kwanza, kilomita 600, nilifika kichwa kinagonga kama kinu. Helmeti ilitikisika njia nzima hadi maandishi ya vibao yakawa yananichezea machoni. Nikailaumu helmeti, nikanunua nyingine. Safari ya pili, yaleyale. Nikaulaumu umri. Nilikuja kugundua kwa bahati tu: miguu ilikufa ganzi, nikasimama kidogo kwenye vikanyagio niinyooshe, na ile ngurumo ikakatika ghafla. Nikakaa, ikarudi. Nikasimama tena, kimya. Nilicheka peke yangu ndani ya helmeti ya pili ambayo sikuihitaji.

Kioo hakiumalizi upepo, kinaurusha juu. Ukivuka ukingo wake, upepo hujikunja na kuvurugika, na kichwa kikiwa katikati ya vurugu hiyo ni afadhali usingekuwa na kioo kabisa. Kwa hiyo pima kabla ya kununua chochote. Barabara ikiwa tupu na imenyooka, simama kidogo kwenye vikanyagio, kisha inama kidogo. Kelele zikipungua ukisimama, kioo kinataka kufupishwa au kubadilishwa mlalo. Zikipungua ukiinama, ongeza kimo. Na uione barabara juu ya ukingo wa kioo, usiione kupitia kioo, maana usiku wa mvua kioo hicho ni pazia. Mimi nilikirudisha kile kifupi. Kifua kinapigwa, ndiyo, lakini upepo huo unanibebea kiasi cha uzito uliokuwa ukiniumiza viganja.

Hata hivyo, vaa vizibo vya masikio. Ukifika kilomita 100 kwa saa, kelele ndani ya helmeti huvuka desibeli 90 kirahisi, na uchovu mwingi unaodhani ni wa mgongo unatoka huko.

Mizigo: vizito viwe chini na karibu nawe, kushoto na kulia vilingane. Boksi la nyuma ni la koti la mvua na vitu vyepesi. Ukilishindilia spana na maji, tairi la mbele linakuwa jepesi na usukani unaanza kucheza kwenye mwendo. Soma kiwango cha uzito kilichoandikwa kwenye keria, ni kidogo kuliko unavyofikiri. Ukishapakia, kaza springi ya shokapu ya nyuma, jaza upepo wa tairi kwa kipimo cha mzigo zikiwa baridi, kisha angalia taa ya mbele, kwa sababu nyuma ikididimia taa inawamulika wenzako machoni.

Cheni ipake mafuta jioni, ingali na joto. Jua kama tairi zako zina tyubu au hazina, vifaa vya pancha si vilevile. Pampu ndogo, maji, glavu za akiba. Simama kila baada ya saa moja na nusu hata kama hujachoka. Usiku usiende kama unaweza kulala. Mtu ajue njia unayopita. Na ufunguo wa akiba usiuweke ndani ya boksi linalofunguliwa na ufunguo huohuo.