Namna tulivyopanga dawa za figo mdogo wangu alipohamia hosteli

Mdogo wangu anaishi na figo yangu ya kushoto. Nyumbani mama ndiye alikuwa akimkumbusha dawa. Alipoingia chuo, akiwa na miaka 20, kreatinini, uchafu wa damu unaoonyesha figo inavyofanya kazi, ikaanza kupanda. Hakuwa mkaidi. Dialisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, ukiikosa utavimba na pumzi itakubana. Lakini dozi ya takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo ya kupandikizwa, ukiiruka hakuna kinachouma, kesho unaamka mzima unakwenda zako kipindini.

1. Saa. Alikuwa anameza saa 1 asubuhi na saa 1 usiku, lakini saa 1 usiku yuko uwanjani au anagombania daladala. Kwa ruhusa ya daktari tukahamia saa 3 na saa 3. Masaa 12 kati ya dozi na dozi yabaki palepale.

2. Kengele. Mbili, za simu ya kawaida. Programu za kukumbushia dawa sizipendi: matangazo mengi, na wiki ya pili mtu keshazizima. Yake imeandikwa "Mechi", wenzake chumbani hawaulizi.

3. Kiboksi cha wiki. Kijaze Jumapili. Usibandue vidonge, kata karatasi yake kwa mkasi, maana unyevu wa Dar haufai. Dozi mbili za akiba zikae kwenye begi la mgongoni.

4. Siku ya kupima kiwango cha takrolimasi kwenye damu. Hapa tulipoteza siku nzima. Damu hutolewa kabla ya dozi ya asubuhi, kama masaa 12 baada ya ile ya usiku. Kengele ikalia tukiwa foleni, bwana mdogo akameza kama alivyozoea. Tumekaa hadi saa 6, muuguzi anauliza, "Umeshameza?" Tukarudi kesho yake. Na angenyamaza ingekuwa balaa zaidi: kipimo kingesoma juu, dozi ingepunguzwa, halafu mwili ungeanza kuikataa figo.

Kwa hiyo usiku wa kuamkia kliniki zima kengele ya asubuhi. Dozi nenda nayo mkononi, imeze damu ikishatoka. Andika saa uliyomeza jana, usikisie. Dawa zako nyingine, za presha kwa mfano, uliza mapema kama unameza kama kawaida. Ulisahau jana, au ulimeza saa 5 usiku? Sema. Ukigombezwa, vumilia; sindano ya kuchukua kinyama cha figo haivumiliki hivyo.

5. Ukisahau. Ukikumbuka mapema, meza. Dozi inayofuata ikiwa imekaribia, piga simu kliniki. Mbili kwa mpigo, hapana.

6. Duka la dawa. Usibadilishiwe takrolimasi ya kampuni nyingine daktari asijue. Dawa za maumivu za diklofenaki na ibuprofeni kataa, huumiza figo. Erithromaisini (antibiotiki) na flukonazo (ya fangasi) hupandisha kiwango cha takrolimasi kwenye damu, rifampisini ya TB hukishusha sana. Balungi pia achana nalo.

7. Akiba. Zikibaki za siku 14, anza kutafuta nyingine. Yeye alisubiri hadi za siku 3, ikaangukia Idi.