Mbao ya juu ya ukulele: chagua kwa masikio kwanza, macho yafuate

Watu wengi wakienda kununua ukulele (kile kigitaa kidogo cha nyuzi nne) wanaanza na rangi, wanaona ile yenye mawimbi inang'aa wanaipenda hapo hapo, alafu wakifika nyumbani wanaanza kujiuliza mbona mlio sio ule waliokuwa nao kichwani. Mi nashauri ugeuze utaratibu. Jua kwanza unapigaje na unataka kusikia nini, afu ndo uangalie sura, na kwa bahati nzuri karibu kila mbao ina urembo wake kwahiyo hutakosa.

Kwanini mbao ya juu ndo tunaisumbukia hivi? Ukigusa uzi, ule uzi peke yake ni mwembamba mno hausukumi hewa ya kutosha kusikika. Mtikisiko unashuka kwenye briji (kile kipande kinachoshikilia nyuzi juu ya ubao), briji inautikisa ubao wa juu, na ubao ndo unaosukuma hewa. Yaani ubao wa juu ndo spika yako. Na ni mwembamba kweli, mara nyingi milimita 2 hivi au chini ya hapo, kwahiyo tofauti ndogo ya ugumu na uzito wa mbao inasikika. Mbao ngumu ila nyepesi inaitika haraka na inatoa sauti kubwa. Mbao nzito zaidi inachelewa kidogo, inameza zile sauti kali za juu, mlio unakuwa mtulivu. Mgongo na mbavu nazo zinachangia ila kidogo, kwahiyo kama hela inatosha kuboresha sehemu moja tu, iweke kwenye topu, yaani huo ubao wa juu.

Kabla hata ya kuuliza ni mbao gani, uliza kama ni solidi au ni ya tabaka. Hili watu wanaliruka na ndo linaleta majuto. Mbao solidi ni ubao mmoja mpaka ndani (kwa kawaida vipande viwili vilivyounganishwa katikati), ya tabaka ni kama plaiwudi, vinia (ngozi nyembamba ya mbao) nzuri juu, chini yake mbao nyingine yoyote, zimegundishwa. Kwenye ukulele ya tabaka, jina la mbao linakwambia rangi tu, sauti haikwambii karibu chochote, maana kinachotikisika ni gundi na matabaka yote kwa pamoja. Niliwahi kununua moja imeandikwa koa (mbao maarufu ya Hawaii), nzuri kupita kiasi, nikakaa nayo miezi kadhaa nikidhani koa ndo inalia hivyo, kavu, inakufa haraka, mpaka siku nilipochungulia vizuri kwenye tundu la sauti nikaona tabaka tatu zimejipanga. Iliniuma maana nilikuwa nimeshaihukumu koa kwa kosa ambalo sio lake.

Namna ya kukagua: angalia ukingo wa lile tundu kwa mwanga mzuri. Kama mistari ya mbao inatoka juu inashuka kwenye ukingo bila kukatika, ni solidi. Ukiona tabaka zenye rangi tofauti, basi ni ya tabaka. Wengine wanapaka rangi nyeusi ukingo au wanauziba kwa pambo, hapo uliza wazi wazi na usikubali jibu la kuzungukazunguka. Ila usidharau ya tabaka, kwa mtoto, kwa safari, kwa mtu anayeiacha kwenye gari au ufukweni ndo yenyewe, haipasuki ovyo. Solidi inataka matunzo, unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 40 na 60, ikikauka sana inapasuka, ikilowa sana inavimba na nyuzi zinapanda juu. Kipima unyevu kidogo kwenye kasha kinatosha kukuokoa.

Sasa swali lenyewe, unapigaje? Kuna anayechapa chodi (nyuzi zote kwa pamoja) kwa nguvu huku anaimba, na kuna anayedonoa nyuzi mojamoja kwa vidole. Hawa wawili hawahitaji mbao moja.

Tuanze na koa maana ndo yenye historia. Mwaka 1879 meli ya Ravenscrag ilifika Honolulu na wahamiaji kutoka kisiwa cha Madeira cha Ureno, ndani yake wakiwemo mafundi seremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Walikuja na ujuzi wa kutengeneza kigitaa kidogo cha kwao, na mbao nzuri waliyoikuta Hawaii ilikuwa koa, wakaitumia, na ndo ukulele ikazaliwa hivyo. Koa ni ukoo wa akasia, ndugu wa mbali wa migunga tunayoijua, ila yenyewe inaota Hawaii tu kiasili na ndo sababu bei yake iko juu. Mlio wake uko katikati, nyuzi za juu tamu, za chini zinasikika bila kuzidi, na ukichapa chodi kila uzi unausikia umejitenga na mwenzake. Ikiwa mpya huwa na ukali kidogo, ikipigwa miaka inalainika, wapigaji wengi wanasema hivyo na mi kwenye ninayoifahamu nimesikia hivyo hivyo. Sura yake haina mpinzani, kuanzia dhahabu mpaka kahawia nyekundu, na zile zenye mawimbi ukiigeuza kwenye mwanga utadhani kitu kinatembea ndani ya mbao.

Hapa nikutahadharishe. Yale mawimbi ni urembo, hayaongezi sauti. Madaraja ya A moja, mbili, tatu, nne yanahesabu uzuri wa mistari, na kila mtengenezaji ana kipimo chake kwahiyo A tatu za huyu sio A tatu za yule. Koa isiyo na wimbi hata moja inaweza kulia vizuri kuliko yenye mawimbi kila sehemu, na ni nafuu zaidi. Ukitaka kulipia uzuri lipia, ni haki yako na uzuri ni sehemu ya furaha ya kushika chombo, ila ujue unacholipia.

Mahogani ndo mbao ninayoipenda kwa mtu anayeimba. Mlio wake ni mnyenyekevu, umejaa katikati, hauna makali, na unakaa chini ya sauti ya mtu badala ya kushindana nayo. Ukichapa kwa nguvu haikuumizi masikio. Wanaodonoa wengine wanaiona imefifia, hasa kwenye ukumbi wenye kelele, na ni kweli nyuzi za juu hazichomozi sana. Rangi kahawia nyekundu, mistari imetulia, vanishi isiyong'aa inaipendeza kuliko ile ya kioo. Jina lenyewe limekuwa pana, mahogani ya Amerika ni miti mingine, mkangazi wa Afrika ni ndugu yake, na kuna sapele ambayo nayo inawekwa kundi hilo, ni nzito kidogo na mlio unakuwa mkali kidogo. Usibabaike, zote zinakaa mtaa mmoja kwa sauti.

Sprusi sasa. Hii ndo mbao ya juu ya magitaa mengi na violini, nyeupe kama maziwa, mistari yake nyembamba imenyooka kama imechorwa kwa rula. Ni ngumu kwa uzito mdogo, kwahiyo inatoa sauti kubwa, safi, na mlio unakawia kufa. Ukidonoa kila noti inachomoza kama kengele. Ukichapa kwa nguvu haichoki, inaendelea kukupa tu. Upande wa pili, kwenye ukulele ndogo ya soprano inaweza kuwa kali mpaka inakata, na kuna wanaosema hailii kama ukulele tena inalia kama kigitaa, mi naona ni kweli kiasi na ndo maana naipenda zaidi kwenye tenori, saizi kubwa zaidi ya soprano. Ikiwa mpya inakuwa imebana, ipigwe sana ndo inafunguka. Rangi nayo inabadilika, miaka inavyokwenda inageuka asali. Ukiona sprusi yenye alama kama imekwaruzwa na makucha usiikatae, ni maumbile ya mti na wengine wanaitafuta hiyo hiyo.

Na sprusi inatufundisha kitu kingine. Kampuni ya Martin ya Marekani ilijaribu kutengeneza ukulele mwaka 1907, wakaweka topu ya sprusi na vijiti vingi vya kuimarisha ndani kama wanavyofanya kwenye gitaa, zikatoka nzito sauti haitoki, hazikuuzika. Waliporudi tena mwaka 1916 walikuja na mahogani iliyojengwa nyepesi, na hizo zikapendwa mpaka leo watu wanazitafuta. Sprusi haikuwa na kosa. Fundi akiacha topu nene au akijaza vijiti, mbao yoyote itanyamaza, kwahiyo ukishika ukulele ikawa nzito kuliko ulivyotegemea, anza kuwa na wasiwasi hapo hapo.

Mwerezi (ule mwekundu wa Amerika Kaskazini, ambao kwa elimu ya mimea sio mwerezi halisi ila jina limeshashika) ni laini na mwepesi kuliko sprusi. Ukiugusa kidogo tu unaitika, mlio mzito mororo, na haukai kusubiri miaka, unalia vizuri tangu siku ya kwanza. Kwa anayedonoa taratibu usiku wengine wamelala, hakuna kama huu. Ila ukiuchapa kwa nguvu unafika mahali unagoma, unaongeza nguvu sauti haiongezeki, inavurugika. Na unakwaruzika jamani, kucha tu inaacha alama, kwahiyo kama una mkono mzito utauona umechakaa mapema. Redwudi ni jirani yake, mlio unafanana, rangi imekolea zaidi.

Nyingine nizipitie haraka. Mwembe, ndio huu huu wa maembe, unatumika sana Hawaii na sauti yake iko kati ya koa na mahogani, ila urembo wake ni wa ajabu, fangasi wakiingia kwenye gogo wanachora mistari myeusi, ya njano, saa nyingine kama waridi, huwezi kupata mbili zinazofanana. Akasia ya nchi nyingine inauzwa kama mbadala wa koa na inakaribia kweli, kwa sura na kwa mlio. Walnati ni kahawia ya giza, mlio mtulivu, upande wa mahogani. Mepo ni nyeupe na mawimbi yake mazuri, mlio mkali mfupi unaokufa haraka, wapiga chodi za haraka wanaufurahia. Mwanzi nao upo, mkavu na mkali, mi haunivutii sana ila wapo wanaoupenda.

Kabla hujalaumu mbao, angalia nyuzi. Nyuzi za florokaboni (aina ya plastiki) zinaongeza ukali na usafi, nailoni zinalainisha, kwahiyo mahogani iliyofifia inaweza kuamka kwa kubadilisha nyuzi tu, na sprusi inayokata inaweza kutulizwa. Ukubwa nao una neno lake, boksi la soprano ni dogo kiasi kwamba tofauti za mbao zinajificha, ukipanda saizi kwenda konseti, tenori na baritoni ndo zinajitokeza. Na ile vanishi nene inayong'aa kama kioo, ikipakwa kupita kiasi inabana topu.

Sasa ukifika kwenye kuchagua, linganisha ukulele za saizi moja, zenye nyuzi za aina moja, zimetuniwa sawasawa, la sivyo unalinganisha vitu viwili tofauti. Piga uzi wa A wazi usikilize unakawia kiasi gani kufa, alafu upige kwenye freti (vile vyuma vya shingoni) ya 12 uone kama bado una uhai huko juu. Chapa chodi polepole, afu kwa nguvu, sikiliza kama sauti inakua au inavurugika. Mpe mtu mwingine apige we ukae mita 2 au 3 mbele yake, maana tundu la sauti linaangalia mbele na anayepiga hausikii mlio wote. Mwisho zirekodi kwa simu, wimbo uleule, mtu mwingine azichanganye majina, usikilize umefumba macho bila kujua ipi ni ipi.

Mi nilifanya hivyo na tenori tatu, koa, sprusi na mahogani, na nilikuwa na uhakika ntachagua koa. Nikachagua mahogani mara tatu mfululizo. Ndo niliyobeba, na ndo ninayoimbia mpaka leo.