SOMO: Tengeneza wimbo wako wa kwanza kwa kompyuta, na ngoma ibaki ngoma

Habari zenu ndugu. Somo hili ni la wale walioko Arua, Bombo, Busia na kwingineko Uganda wenye laptopu lakini hawana studio. Nitatumia programu ya kurekodi muziki iitwayo REAPER kwa sababu ni nyepesi, haitakula bando lako, na unaruhusiwa kuijaribu siku 60 ikiwa kamili. Ukiipenda, leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Programu za wizi ziacheni kabisa; zinaleta virusi na kazi yako inapotea. Mwenye FL Studio asihame, hatua ni zilezile. Ila toleo lake la majaribio halikuruhusu kufungua tena mradi uliouhifadhi, mpaka ununue.

Hatua ya 1: Vifaa. Laptopu, hedifoni za waya (za Bluetooth huchelewesha sauti) na maiki moja ya USB. Huna maiki? Rekodi kwa simu, kisha hamisha faili. Spika kubwa na kinanda vitakuja vyenyewe.

Hatua ya 2: Maandalizi. Upe mradi jina na folda yake kabla hujarekodi chochote. Kwenye ubora wa sauti chagua 48 kHz, biti 24. Dakika moja ya treki ya mono (mkondo mmoja wa sauti) itachukua karibu MB 9. Bafa (sampuli za sauti ambazo kompyuta hukusanya kabla ya kuzichakata) iwe 256 unaporekodi, maana huo ni ucheleweshaji wa kama milisekunde 5 tu. Ukifika kwenye kumiksi ipandishe hadi 1024 ili kompyuta ipumue.

Hatua ya 3: Gridi na ngoma. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo midundo mingi ya kwetu inapoharibikia.

REAPER hufunguka na mapigo 120 kwa dakika, mtindo wa 4/4, na kwenye gridi ya kawaida (mistari ya muda kwenye skrini) pigo hugawanywa kwa mbili au nne. Baakisimba, ngoma ya Waganda, haiendi hivyo. Pigo lake hugawanyika kwa tatu. Ukiirekodi kwenye gridi ya nne kisha ukaiambia kompyuta inyooshe, kila pigo la mkono litavutwa kwenye mstari ulio karibu nalo, na utapata ngoma inayochechemea. Mama yeyote aliyezoea kucheza kwenye kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa) ataisikia kabla hujamaliza baa ya pili. Kwa hiyo badilisha gridi iwe 1/8 ya utatu, upate mistari 12 kwa kila baa.

Sasa rekodi. Kwa engalabi (ngoma ndefu ya Kiganda), weka maiki shubiri moja juu ya ngozi, ielekee ukingoni badala ya katikati, maana ukingoni ndiko mlio mkali wa vidole unakotoka. Besi inatokea kwenye mdomo wa chini ulio wazi, basi inua ngoma isigandamane na sakafu. Mpigaji apige kwa nguvu zake zote huku ukitazama mita: kilele kisipite dB -6. Kikigusa 0 sauti inapasuka, na hakuna plagini (kiprogramu cha nyongeza) itakayoirudisha vizuri.

Ukitaka kunyoosha, anza na asilimia 50 usikilize. Mimi mara nyingi sinyooshi kabisa. Naligusa pigo moja moja lililopotea, basi. Mkono wa mpigaji una akili kuliko gridi.

Hatua ya 4: Jenga. Chagua baa 8 zilizokaa vizuri, uzirudierudie, ongeza besi, kisha vokali. Maliza wimbo mzima hata kama haukupendezi bado.

Hatua ya 5: Miksi. Shusha treki zote, anza na ngoma, kisha sauti ya mwimbaji, halafu zipandishe nyingine chini yake. Kwenye vokali kata kila kilicho chini ya Hz 80. Mwangwi uwe kidogo.

Hatua ya 6: Toa. WAV ya biti 24 uitunze. MP3 ya kbps 320 ndiyo ya kuwatumia watu kwenye WhatsApp.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwanachama wa Arua:* Mwalimu, adungu yangu (kinubi chetu) haipatani na piano ya kompyuta. Nifanyeje?

*Jibu:* Kaka, piano ndiyo ifuate adungu. Kwanza kaza nyuzi zipatane zenyewe kwa zenyewe, kisha weka ReaTune (kipima toni cha REAPER) kwenye treki uone ziko juu au chini kiasi gani. Sogeza toni ya piano kiasi hichohicho. Na hakiki nyuzi kila mara kabla ya kurekodi, kwani hulegea upesi.

*Mwanachama wa Jinja:* Nasikia mngurumo "mmmm" chini ya sauti yangu.

*Jibu:* Dada, chomoa chaja urekodi kwa betri. Umeme wetu ni wa Hz 50, na mara nyingi mngurumo huo hupitia chaja. Ukiisha, umeshampata mwizi. Usipoisha, badilisha waya wa maiki.

*Mwanachama wa Kisenyi:* Nyumba yetu ni ya mabati, na chumba kina mwangwi.

*Jibu:* Tundika mablanketi mazito mawili nyuma ya mwimbaji na godoro mbele yake, nyuma ya maiki. Mvua haina dawa. Ikianza, rekodi ndiyo basi, fanya kazi ya kupanga treki.

*Mwanachama wa Busia:* Wimbo ukiisha nausajili wapi?

*Jibu:* Hakimiliki husajiliwa URSB, ofisi ya usajili ya serikali. Mrabaha wa watunzi hukusanywa na chama chenye leseni ya URSB, unajiunga kama mwanachama. Kabla hujaenda, andikianeni na mpiga ngoma wako nani ana haki gani.