Mashua inakuvuta kwenye upepo? Anza na tanga

Ukiona omo (mbele ya chombo) inang'ang'ania kugeukia upepo na mkono ushaanza kuuma kwa kushikilia kana (mpini wa usukani), usizidi kuivuta, cheki tanga kwanza. Legeza demani (kamba ya kuvutia tanga) taratibu mpaka ukingo wa mbele wa tanga uanze kupigapiga, halafu vuta kidogo tu, ukingo ukitulia iache hapohapo. Wengi wanakaza kupita kiasi, chombo kinalala na spidi inakufa. Kusi (upepo wa kusini) likiwa kali wenzako wahamie upande wa juu, unakotoka upepo, na kama wamejazana omoni warudi tezi (nyuma) kidogo. Angalia maji nyuma ya usukani, yakichemka sana bado unaburuza usukani. Ila usukani mzito kiasi mi naupenda, ukiteleza ukaachia kana omo inaingia upeponi chombo kinapoa chenyewe, kikikimbilia upande wa pili, mbali na upepo, hapo ndo noma.