Somo: Mwili unaokua haupunguzwi kama gauni

Nilikuwa na miaka 15 nilipoanguka paredi ya asubuhi shuleni. Wenzangu walidhani jua limenizidi. Kumbe ilikuwa siku yangu ya tisa bila kifungua kinywa, na mchana nilikuwa nachezeachezea chakula kwa ncha ya kijiko ili nionekane nakula. Wiki chache kabla, shangazi yangu alikuwa amenitazama juu mpaka chini mbele ya wageni, akacheka: "Siku hizi umekuwa mama mtu mzima!" Hakuwa na nia mbaya. Lakini nilipozinduka pale kitandani, wazo langu la kwanza lilikuwa kama kule kuanguka kumenipunguza hata nusu kilo.

Nasimulia haya kwa sababu kila wiki naletewa swali lile lile, "Nipungue vipi?", na anayeuliza ana miaka 13 au 14. Gauni likikubana unampelekea fundi. Mwili wa umri huo bado unashonwa. Twende hatua kwa hatua. Wazazi nanyi msome.

Hatua ya 1: Jua mwili wako una kazi gani sasa hivi

Balehe huanza kati ya miaka 8 na 13 kwa wasichana, 9 na 14 kwa wavulana. Katika miaka hiyo kijana huongeza takriban nusu ya uzito atakaokuwa nao ukubwani. Nusu nzima. Mifupa nayo huwekewa akiba yake wakati huo: akifika miaka 18 hivi, sehemu kubwa mno, kama asilimia 90, imeshajengwa, na atakachokosa hapo ni vigumu kukifidia baadaye.

Msichana huongeza mafuta nyongani, mapajani na kifuani. Huo si ulafi wala uvivu, ndivyo mwili unavyojiandaa kwa hedhi, ambayo kwa wengi huja miaka miwili hivi baada ya matiti kuanza kuchomoza. Wengine hutanuka kwanza, kimo kikafuata. Mvulana mara nyingi huanza upande wa pili: anarefuka ghafla, misuli inachelewa, anabaki amekaa kama mwanzi. Ndiyo maana darasa moja la watoto wa miaka 13 linaweza kuwa na mmoja mwenye ndevu zinazoota na mwingine mwenye sauti ya kitoto, na wote wawili ni wazima kabisa.

Hatua ya 2: Usijipime kwa kipimo cha wakubwa

Wengi mnaijua BMI: kilo zako gawanya kwa urefu wa mita mara urefu wa mita. Hesabu yenyewe ilibuniwa na Adolphe Quetelet, mwanatakwimu wa Ubelgiji wa karne ya 19, aliyekuwa akitafuta wastani wa watu wengi kwa pamoja, hakuwa akimpima mgonjwa mmoja. Jina la BMI alilitoa Mmarekani Ancel Keys mwaka 1972. Mshike huyu Keys, atarudi mbele.

Ile mipaka inayosambaa mitandaoni, chini ya 18.5 uzito umepungua, 25 kwenda juu umezidi, ni ya watu wazima. Kwa umri wa miaka 5 hadi 19, Shirika la Afya Duniani lilitoa chati zake mwaka 2007, zinazoangalia umri na jinsia. Chukua msichana wa miaka 13 mwenye kilo 43 na urefu wa mita 1.55. BMI yake ni karibu 18. Kwa mtu mzima hiyo inaitwa upungufu wa uzito. Kwa yeye ni kawaida kabisa.

Tena pimo moja halisemi mengi. Anayejua kazi yake atakuuliza vipimo vya miaka iliyopita avipange kwenye chati, aone mstari unaelekea wapi. Mtoto aliyekuwa mnene tangu mdogo na anafuata mstari wake si sawa na aliyepanda ghafla, wala si sawa na aliyeporomoka.

Hatua ya 3: Kula kwa saa, uanze na asubuhi

Hapa ndipo nataka mkae kitako.

Mwishoni mwa vita vya pili vya dunia, Keys aliwachukua wanaume 36 wenye afya, waliojitolea, akawaweka Chuo Kikuu cha Minnesota ili aone njaa inamfanya nini binadamu. Kwa wiki 24 walipewa takriban kalori 1,570 kwa siku. Dayati nyingi ninazoonyeshwa na mabinti kwenye simu ziko chini ya hapo. Wanaume wale walipoteza karibu robo ya uzito wao. Hilo lilitarajiwa. Kilichoshangaza ni vichwa vyao: waliota chakula, walizungumza chakula kutwa, wengine wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi, walilamba sahani, walisikia baridi, walinuna na kugombana kwa vitu vidogo. Na walipofunguliwa, wapo waliokula mpaka tumbo likauma na bado wakasema njaa haijaisha.

Hao ni watu wazima waliokwisha kukua, wenye akili timamu. Sasa wewe wa miaka 14 unajilaumu eti huna msimamo kwa sababu umeruka asubuhi na mchana, halafu usiku ukamaliza kila kilichokuwa jikoni? Msimamo unao. Mwili umekuona unaiba vifaa vya ujenzi, ukaamua kuvichukua kwa nguvu.

Utafiti mwingine, nao wa Minnesota, uitwao Project EAT, uliwafuatilia vijana kwa miaka mitano. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 yalionyesha kuwa waliokuwa wakifanya dayati ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na uzito uliozidi mwisho wa miaka hiyo kuliko wasiofanya. Nikisoma hivyo nakumbuka zile siku tisa zangu, maana ya kumi sikuacha kitu.

Kwa hiyo: milo mitatu, na kitafunwa kimoja au viwili katikati. Kama asubuhi kooni hakupiti kitu, anza na kidogo, yai moja au glasi ya maziwa, mpaka tumbo lizoee.

Hatua ya 4: Panga sahani, usihesabu kalori

Nusu ya sahani mboga na matunda, robo vyakula vya wanga, robo nyama, samaki, mayai au jamii ya kunde. Anayecheza michezo kila siku aongeze wanga bila kuomba radhi.

Madini ya chuma ndiyo yanayosahaulika kuliko yote. Msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji takriban miligramu 15 kwa siku, mvulana 11, kwa kuwa msichana anapoteza damu kila mwezi. Uchovu usioisha na kuishiwa pumzi ukipanda ngazi huenda si uvivu, huenda ni damu. Ukila maharage au mboga za majani, fuatisha tunda chachu kama chungwa, vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Chai isubiri kama saa moja hivi, maana huzuia. Kwa ajili ya mifupa, kalsiamu miligramu 1,300 kwa siku; glasi ya maziwa ina kama 300, zilizobaki zitoke kwenye mtindi, samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao, na mboga za majani.

Soda ya mililita 330 ina karibu gramu 35 za sukari, sawa na vijiko tisa hivi vya chai. Sisemi ni haramu. Nasema isiwe ndiyo maji yako ya kunywa. Na tuache kuita chakula "kibaya", maana mtoto akikila anaanza kujiona mbaya yeye.

Hatua ya 5: Cheza, ulale

Dakika 60 za kuutokesha mwili jasho kila siku, ukizikata vipandevipande sawa tu. Usingizi saa 8 hadi 10. Anayekesha na simu huamka na njaa ya vitu vitamu, na nguvu za kucheza hana.

Hatua ya 6: Chunga unachokitazama na unachokisikia

Mwaka 1995 televisheni iliingia katika eneo la Nadroga huko Fiji, mahali ambapo mwili wa kujaa ulikuwa sifa. Mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa sekondari mwaka huo, akarudi 1998 akahoji wengine. Mara ya kwanza hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Mara ya pili walikuwa kama 11 katika kila 100. Miaka mitatu tu, na hiyo ni televisheni iliyokaa sebuleni. Ya kwenu inalala chini ya mto.

Pitia akaunti unazofuata. Ile inayokuacha unajitazama tumbo kila ukiifunga, iondoe kwa wiki mbili uone. Mtu wa kwenye picha amevuta pumzi, ameegemea pembe nzuri, kaweka filta, na kabla ya hiyo kafuta arobaini. Mimi nimepiga picha za namna hiyo, najua kazi yake.

Na nyumbani yakome majina. Bonge, tipwatipwa, ng'onda, kimbaombao. Mnacheka wote, mmoja anahesabu.

Hatua ya 7: Zijue dalili za hatari

Kujificha wakati wa kula, kwenda chooni kila baada ya mlo, kujipima mara kadhaa kwa siku, kuvaa nguo nyingi kwa baridi wasiyoisikia wengine, hedhi kukatika, kufanya mazoezi hata akiwa mgonjwa kwa hofu ya kunenepa. Kujitapisha hupandisha asidi ya tumbo inayokula meno, na huondoa mwilini madini ya potasiamu mpaka mapigo ya moyo yakavurugika. Dawa za kuharisha hutoa maji, ndiyo maana mizani inashuka leo na kurudi kesho, chakula kilishafyonzwa. Anoreksia (kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa) na bulimia (kula kupita kiasi kisha kujitapisha au kujiharisha) ni maradhi, na huua. Wavulana pia huyapata, ila wao wanachelewa kuulizwa. Ukiziona dalili hizi usisubiri, mpeleke hospitali.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa binti wa miaka 12: Asante dada kwa somo. Wangu amenenepa ghafla mwaka huu, nguo zote hazimtoshi. Nimkatie chakula cha usiku?

Hapana, mama. Kwanza muulize kimo chake kimeongezeka kiasi gani, na kama dalili za balehe zimeanza. Kama zimeanza, huenda unaona hatua ya kwanza hapo juu inavyotokea mbele ya macho yako. Mnunulie nguo zinazomtosha, maana ile iliyombana inamsema kila asubuhi. Kisha kampimishe, vipimo vipangwe kwenye chati ya umri wake.

Kijana wa kidato: Shikamoo. Nina miaka 16, wananiita ng'onda. Jimu kuna jamaa anauza poda ya protini, na anasema ana sindano zinazojaza mwili haraka.

Marahaba, mdogo wangu. Sindano hizo kimbia. Mara nyingi ni steroidi, yaani dawa za homoni za kujaza misuli, na katika umri wako zinaweza kufunga ncha za mifupa kabla ya wakati, ukabaki na kimo hicho hicho. Poda haina ajabu: protini yake ni ile ile iliyo kwenye mayai, maziwa na maharage, ila kopo hujui lote limewekwa nini. Ongeza mlo mmoja kwa siku, nyanyua vyuma siku tatu kwa wiki chini ya mtu anayejua, na uwe na subira ya mwaka, siyo ya mwezi. Misuli yako bado iko njiani.

Baba: Umesema wasipunguze. Sasa wangu daktari mwenyewe kasema uzito umezidi, na presha imeanza kupanda. Tukae tu?

Msikae, kaka. Nimekataza njaa, sijakataza matibabu. Kwa mtoto ambaye bado anarefuka, mara nyingi daktari hulenga uzito usimame huku kimo kikipanda. Zipo hali atakazotaka upungue kweli, na hilo alisimamie yeye. Nyumbani badilisheni kwa wote: soda itoke mezani kwako wewe pia, mtembee pamoja jioni. Sahani yake isitofautiane na ya ndugu zake. Akipewa sahani ya peke yake atakula nyingine kwa siri.

Msichana, miaka 17: Nakimbia kila siku na nakula kidogo sana. Sijaona siku zangu mwezi wa nne huu. Kusema kweli nimefurahi, usumbufu umepungua.

Mdogo wangu, nenda hospitali wiki hii. Miezi mitatu tu inatosha kumpeleka mtu kupimwa. Watakupima ujauzito kwanza, usikasirike, ni utaratibu. Kama ni chakula, maana yake mwili umekosa nishati ukazima kilichoweza kuzimwa, na homoni hizo hizo zilizozimwa ndizo zinazolinda mifupa yako. Wakimbiaji huvunjika mguu kwa ufa mdogo uliojificha hivi hivi. Mwambie daktari yote, hata lile la kufurahi. Kama huwezi kwenda peke yako, nenda na mtu mzima unayemwamini.

Mwanachama: Na ile chai ya kukata tumbo?

Nyingi zina majani ya kuharisha. Rudi hatua ya 7.

Mwanachama: Samahani dada, shangazi aliwahi kujua?

Nilimwambia nikiwa na miaka 30 na kitu. Hakukumbuka kabisa kama aliwahi kusema. Alijua nilianguka kwa jua, na mpaka leo tukitoka mchana ananiuliza kofia yangu iko wapi.