Kinect ya mtumba kwenye sebule ya futi kumi kwa kumi na mbili, namna ya kuijaribu bila kupasua tivii

Wakuu, mwezi uliopita nilinunua Kinect ya mtumba, ile ya mashine ya gemu ya Xbox 360, kwa jamaa mmoja hapa Mwanga, Kigoma mjini, alikuwa anauza vitu vyake anahama. Nikaja nayo home nina furaha kama mtoto, nikaichomeka, nikasimama mbele ya tivii napunga mkono kama konda anaita abiria, wapi! Siku tatu nzima najua nimepigwa. Kumbe kidude ni kizima kabisa, mbovu ilikuwa sebule yangu. Ndo maana naandika hapa namna ya kuijaribu kwenye sebule zetu hizi za makochi saba na stuli sita, maana maelekezo ya kwenye boksi yanaongea utadhani kila mtu anaishi kwenye ukumbi wa harusi.

Kwa asiyeijua, Kinect ni kile kidude cheusi kirefu chenye macho matatu kinakaa juu au chini ya tivii, kilitoka Novemba 2010, na ndani ya siku 60 za kwanza ziliuzwa milioni 8. Hushiki pedi, mwili wako ndo pedi. Ukiruka na mtu wa kwenye gemu anaruka, ukiinama anainama. Usiichanganye na Wii, ile mashine ya gemu ya Nintendo unashika rimoti, na ile baa wanayoita ya senza kwa kweli haisensi kitu, ni vitaa viwili vya infraredi tu (mwanga usioonekana kwa macho) vya kuisaidia rimoti ijue tivii iko wapi, kamera yenyewe imo ndani ya rimoti, ndo maana kuna watu baa ikifa wanawasha mishumaa miwili juu ya tivii na gemu linaenda kama kawaida.

Kinect ni kinyume chake, yenyewe ndo inakuangalia wewe. Jicho moja linamwaga vidoti vingi sana vya mwanga wa infraredi ambao hatuuoni, jicho lingine linasoma vile vidoti vimekaaje ukutani, kwenye kochi, kwenye tumbo lako, na kwa namna vilivyosogea inajua kipi kiko karibu kipi kiko mbali, mara 30 kwa sekunde. La tatu ni kamera ya kawaida ya rangi. Hili la vidoti likae kichwani, maana karibu kila usumbufu nilioupata unaanzia hapo.

Kama bado hujanunua, angalia kwanza ni Kinect ya mashine gani. Kuna ya Xbox 360 na kuna ya Xbox One iliyotoka 2013, haziingiliani, na hiyo ya Xbox One ukiwa na mashine ya One S au One X unahitaji adapta ambayo waliacha kuitengeneza 2018, kwahiyo muuzaji akikwambia "adapta utapata tu" mwambie akupatie yeye ndo umpe hela. Kwa 360 angalia waya. Mashine nyembamba zina tundu lake maalum kwa nyuma, unachomeka basi. Mashine nene za zamani hazina hilo tundu, zinataka kile kiwaya chenye njia mbili, upande mmoja USB upande mwingine plagi ya ukutani, na hiyo USB unachomeka ile ya NYUMA ya mashine sio za mbele. Watu wengi wanauziwa Kinect bila hicho kiwaya halafu wanaambiwa wakanunue, wee, mimi nimekitafuta maduka yote ya gemu ninayoyajua sijakiona.

Kingine ni umeme. Mashine nyingi za mtumba zinatoka nje, na za Marekani lile tofali lake la umeme limeandikwa 100-127V wakati kwetu ni 230. Ukichomeka moja kwa moja ndo kwaheri. Geuza tofali usome maandishi madogo kabla hujagusa soketi, ukikuta 200-240 poa, ukikuta 127 tafuta transfoma ya kushusha inayohimili mzigo huo au achana nayo. Za Uingereza hata plagi inaingia kwetu bila kibadilishio. Na pale pale kwa muuzaji mwambie awashe, kitaa kidogo cha kijani kiwake mbele ya senza, usiondoke kwa maneno ya "ikipoa itawaka".

Haya, sasa sebule, hapa ndo penye kazi.

Mtu mmoja akicheza anatakiwa awe kama mita 1.8 kutoka kwenye senza, mkiwa wawili mita 2.4. Chukua sebule yangu, futi kumi kwa kumi na mbili, yaani mita tatu kwa 3.6. Upande mrefu toa kabati la tivii kama nusu mita, toa kochi karibu mita moja, unabaki na mita mbili na kidogo, na hapo bado ile meza ya katikati ina vitambaa vyake na maua ya plastiki. Mtu mmoja anacheza kwa kujibana, wawili haiwezekani. Mimi nilichofanya, baada ya kuhangaika weee, nikahamisha tivii kwenye kona nikacheza kwa mshazari. Kona kwa kona ya chumba hicho ni mita 4.7 hivi, ukitoa ya kabati bado una nafasi ya watu wawili kurusha mikono. Kochi la watu watatu nikalisukuma ukutani, stuli zote barazani. Mke wangu alinuna ila jioni ile ile alikuwa wa kwanza kutaka zamu.

Kipimo usihangaike na tepu, hatua mbili kubwa za mtu mzima ndo hiyo mita 1.8, weka hata kandambili chini kama alama.

Juu nako kuangaliwe. Gemu zina kuruka, na wewe mwenye feni la dari usijisahau ukaruka umenyoosha mikono. Kapeti linaloteleza toa, soksi vua.

Urefu wa kuiweka ni kuanzia kama sentimita 60 kutoka sakafuni mpaka mita 1.8, iwe katikati ya tivii, isogee mbele mpaka ukingo wa kabati, la sivyo inaona ubao wa kabati badala ya miguu yako. Ina mota ndani inajiinua na kujishusha yenyewe ikikutafuta, sasa msiishike kichwa mkaigeuza kwa mkono, mota itakufa. Halafu hili nalo la kwetu sana, usiiweke juu ya subwufa! Najua subwufa ndo lina nafasi nzuri hapo karibu na tivii, ila mtetemo wa besi unaichanganya picha na maikrofoni zake nne zinasikia mziki tu.

Sasa jua. Kosa langu la siku tatu lilikuwa hili. Dirisha langu linatazama ziwani, magharibi, na mnajua Kigoma jua linavyochelewa kuzama, saa kumi na mbili bado linachoma mpaka ndani linatokea kule juu ya milima ya Kongo. Na jua lina infraredi kibao, kwahiyo vile vidoti vya Kinect vinamezwa, ni sawa na kuwasha tochi mchana. Mimi nilikuwa najaribu jioni nikitoka kazini, saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili na nusu, muda mbaya kuliko yote. Siku ya nne umeme ulikatika ukarudi saa mbili usiku, nikawasha kwa kukata tamaa, ikanishika hapo hapo. Kwahiyo cheza usiku, au teremsha pazia zito. Taa za ndani hazina shida, tena usicheze gizani totoro maana ile kamera ya rangi inataka kukuona sura.

Kioo kikubwa cha ukutani, au kabati la vyombo lenye milango ya vioo likiwa nyuma yako, funika kwa kanga wakati wa kucheza.

Ukishapanga hivyo washa mashine. Kama Kinect haitambuliki kabisa huenda mashine haijapata apdeti tangu kabla ya Kinect kutoka, kuna diski za gemu za Kinect zinakuja na apdeti ndani, inakuuliza unakubali. Ila kama mashine yako imechipiwa, yaani fundi ameichezea isome gemu za kukopi, usikubali kitu, nenda kwanza kwa fundi aliyeichipi, nisije kulaumiwa. Kisha ingia kwenye setingi za mfumo, tafuta palipoandikwa Kinect, itakupitisha yenyewe: itajiinua, itakuonesha picha yako, itasikiliza kelele za chumba. Hapo kwenye kelele zima feni, zima redio, waambie watoto wanyamaze, na kama mvua inapiga bati ahirisha tu, hutaelewana nayo. Kuna sehemu inakutambua sura, inakwambia simama hapa, sogea pale, ifuate taratibu.

Ishara za kuanzia ziko chache. Punga mkono mpaka kialama cha mkono kitokee kwenye skrini. Kuchagua kitu peleka mkono juu yake uutulize hapo mpaka duara lijae, hakuna kubonyeza hewani. Kusimamisha gemu, mkono wa kulia uache ulale ubavuni, wa kushoto uuinue kidogo pembeni kwa mshazari, nusu ya kuunyoosha, tulia hivyo sekunde chache. Hii wafundishe watu wote kabla ya kuanza, maana mtoto akikimbilia kugusa tivii kuisimamisha ndo ajali inapoanzia. Kuongea nayo ipo ila Kiswahili haijui, na Kiingereza chetu nacho inakielewa ikitaka. Mimi nimeizima.

Mavazi. Mama yangu mdogo alikuja toka Ujiji kutusalimia, amevaa dera lake pana, akataka kujaribu. Mtu wake kwenye skrini akawa anakunja miguu kama kaa. Akaniuliza, "Mwanangu, mbona hiki kidude kinanifanya kilema?" Sio yeye, ni dera, senza inatafuta viungo 20 vya mwili, mabega, viwiko, magoti, sasa dera likishuka mpaka chini magoti inayabahatisha. Tukamfunga kanga kiunoni dera likapanda juu ya suruali ya mazoezi ya mke wangu, akacheza nusu saa, na alimpiga mpwa wangu boling mara mbili. Nguo nyeusi za kitambaa fulani nazo zinaimeza ile infraredi, ukiona mkono unapotea badilisha shati kabla ya kulaumu mashine.

Na watoto wa jirani. Kinect inaweza kuona mpaka watu sita lakini wanaocheza ni wawili tu, kwahiyo wale wanaokaa kwenye mkono wa kochi wanachungulia, mmoja akisimama kushangilia inaweza kumchukua yeye ndo mchezaji, wewe unabaki unarusha ngumi hewani bure. Watazamaji wakae chini, pembeni kabisa, na asipite mtu mbele.

Gemu la kuanzia ni Kinect Adventures, lilikuwa linakuja na Kinect yenyewe kwenye boksi, mwambie muuzaji akupe diski. Lile la mtumbwi kwenye maji ya kasi ndo zuri la kujaribia senza, unaegemea kushoto, kulia, unaruka, ukiona mtumbwi unakwenda wenyewe ujue umbali haujakaa sawa. Lile la kuziba matundu ya vioo chini ya maji linapima mikono na miguu kwa pamoja. Baada ya hapo Kinect Sports, ina boling, ndondi, mpira, riadha. Ya kukimbia riadha anza nayo taratibu, mimi kesho yake nilishuka ngazi za ofisini kinyumenyume. Na tafuta diski kweli kweli, duka la mtandaoni la 360 lilifungwa Julai 2024, huwezi tena kununua humo.

Ukimaliza zima, chomoa ukutani, umeme wetu ukirudi unarudi na hasira zake, kama una fridge gadi ipitishie hapo. Macho yake yafute na kitambaa kikavu laini kama cha miwani, usilambe kidole ukafuta, nimemuona mtu anafanya. Vumbi la kiangazi ni jingi, ya kwangu naifunika na kile kitambaa cha kufuma kilichokuwa kwenye stuli, stuli zenyewe mpaka leo ziko barazani.